Bei ya Kusema: Matusi ya mtandaoni yanavyowaumiza vijana wa Meru na Embu

SIKU shule zinapofungwa, kituo cha matatu cha Makutano mjini Meru hujaa magodoro, masanduku ya chuma na sare za kila rangi. Mjini Embu hali ni hiyo hiyo. Huku makondakta wanaita Maua, Nkubu na Timau. Kule wanaita Runyenjes, Siakago na Kiritiri. Wanafunzi wa bweni wanarudi nyumbani, na kabla sahani ya kwanza ya githeri haijapakuliwa, wengi wao watakuwa wameshauliza: simu iko wapi?

Muhula mzima hawakuishika. Katika shule za bweni nchini Kenya simu ni marufuku kwa mwanafunzi. Anayepatikana nayo hunyang'anywa na mzazi wake huitwa. Kwa sababu hiyo wazazi na walimu wengi wa kaunti hizi mbili huamini kwamba unyanyasaji wa mtandaoni ni tatizo la Nairobi, la watoto wenye simu zao binafsi na Wi-Fi isiyokatika nyumbani. Lakini marufuku ya simu huondoa kifaa tu. Picha iliyokwisha kuonwa na nusu ya darasa haiondoki, wala jina ambalo mtoto ameshabandikwa.

Ukiwauliza watu wazima kwa nini vijana hawasemi wanapotukanwa, utaambiwa ni wakaidi, ni wasiri, ni kizazi cha simu. Ukweli ni kwamba wamepiga hesabu. Kijana anajua kumwambia mtu mzima kutamgharimu nini, anajua kunyamaza kutamgharimu nini, kisha anachagua kilicho nafuu. Mara nyingi huona nafuu iko kwenye kunyamaza. Machungu mengi tutakayoyaeleza hapa yanaanzia kwenye tusi, lakini yanakomaa ndani ya kimya hicho.

Kutoka likizoni hadi bwenini

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwalimu yeyote wa ushauri nasaha atautambua. Msichana wa kidato cha tatu, kwao ni karibu na Nkubu, amehudhuria kambi ya vijana ya kanisa likizo ya Agosti. Kuna mtu amempiga picha akiwa ameinama kuosha vyombo. Picha inakatwa, inaandikwa maneno chini yake, inatumwa kwenye grupu la WhatsApp. Kijana mwingine anaipitisha kwenye programu ya akili unde, na sasa msichana anaonekana hana nguo. Bando la shilingi 20 linatosha kuifikisha picha hiyo Maua, Embu na Nairobi kabla ya jioni.

Simu anayoitumia msichana huyu ni ya mama yake. Katika nyumba nyingi za huku simu janja ni moja: mama anaitumia kwa M-Pesa na grupu la chama, kaka kwa matokeo ya mpira, binti kwa masomo na marafiki. Ujumbe wa kumtukana unaweza kuingia simu ikiwa mkononi mwa mama, au ya baba ikikopwa kwa dakika tano. Hata faragha ya kusoma matusi aliyotukanwa hana. Anajifunza kufuta haraka, kusema simu imeisha chaji, kwenda kuchota maji wakati ambao maji yapo.

Shule zinafunguliwa na simu inabaki nyumbani. Huko bwenini hakuna haja ya intaneti. Mtu mmoja kwenye foleni ya chakula anatamka maneno yaliyoandikwa chini ya picha, na foleni nzima inacheka. Jina la utani limezaliwa, nalo litamfuata hadi siku ya mwisho ya mtihani wa KCSE. Ushauri unaotolewa kila mahali duniani, kwamba mtoto azime simu apumzike, haumsaidii huyu: simu yake ilizimwa na shule siku alipofika getini, na walioiona picha wanalala vitanda vya pembeni. Hawezi hata kumzuia mtu asimwandikie, maana hakuna anayemwandikia. Wanamwita tu.

Kwa wadogo zake mambo yamebadilika kwa njia nyingine. Chini ya mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4, mtoto wa miaka 14 au 15 alikuwa akijiunga na kidato cha kwanza, mara nyingi katika shule ya bweni. Tangu sekondari msingi zianze Januari 2023 ndani ya shule za msingi, mtoto wa umri huo yuko Gredi ya 9, na kwa kawaida analala nyumbani. Kila jioni ana simu ya mzazi, ya jirani, au saiba ya sokoni. Mwaka mmoja mgumu wa kubalehe umehamishwa kutoka mahali pasipo na simu hadi mahali ambapo simu iko mezani.

Yanayotokea ndani

Dalili za kwanza hazionekani kuwa za moyo. Ni tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi, kichwa kinachogonga, kukosa hamu ya kula. Muuguzi wa shule anatoa dawa ya maumivu na kuandika kwenye kitabu chake. Mtoto hasemi uongo. Mwili wake unaumwa kweli. Mwaka 2003 mtafiti Naomi Eisenberger wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha na wenzake katika jarida la Science jaribio ambamo watu walicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, kisha wakaanza kunyimwa mpira. Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba kutengwa huko kuliamsha sehemu zinazohusika pia na maumivu ya mwili. Hao walikuwa wamenyimwa mpira tu, na watu wasiowajua kabisa. Kijana anayechekwa na darasa lake zima anabeba makubwa zaidi.

Kisha inakuja aibu, na aibu ya mtandaoni ina sumu yake ya pekee. Zamani aliyetukanwa uwanjani alijua ni nani walisikia: walikuwa wanane, au kumi na wawili, na aliwajua kwa majina. Picha iliyosambazwa haina idadi ya mashahidi. Msichana anapopita soko la Gakoromone au la Embu hajui kama muuza nyanya ameiona, kama mwalimu mpya ameiona, kama mama mchungaji aliyemsalimia kwa ubaridi alikuwa na haraka tu au ameiona. Analazimika kuwashuku wote. Kila kicheko nyuma yake ni chake. Kuishi hivyo kunachosha kuliko kazi ya shamba, na mtoto hawezi kueleza amechoshwa na nini.

Uchovu huo unaiba usingizi. Anakesha akiyarudia maneno kichwani, akitunga majibu ambayo angeyatoa, akijilaumu kwa nini alivaa sketi ile, kwa nini alimwamini yule. Saa tatu asubuhi anasinzia kwenye hesabu. Alama zinashuka, na mwalimu asiyejua lolote anamwita mvivu mbele ya darasa. Sasa ana matusi kutoka pande mbili. Anaacha kwaya iliyokuwa ikijiandaa kwa tamasha la muziki, anaacha voliboli, anaanza kula peke yake. Watu wazima huliona hilo na kusema ametulia, amekuwa na adabu.

Wengine hawatulii bali wanalipuka. Mtoto aliyekuwa mpole anawapigia kelele wadogo zake, anapigana bwenini, au anafungua akaunti ya jina bandia na kuanza kumtukana mtu mnyonge kuliko yeye. Watafiti wa uonevu shuleni wamelisema hili kwa miaka mingi: wanaoonewa na wakati huohuo wanaonea wengine ndio mara nyingi wenye hali mbaya zaidi ya kihisia kuliko makundi yote.

Na wapo wanaofika mahali pa kujiumiza au kutamani kufa. Hapa inafaa kuwa waangalifu. Ni nadra mtu kufika huko kwa sababu moja. Matusi humwangukia mtoto ambaye huenda tayari amefiwa na mzazi, anafukuzwa shuleni kwa sababu ya karo, anapigwa nyumbani, au ana ugonjwa wa huzuni ambao haujawahi kupewa jina. Anayesema kwamba TikTok ndiyo iliyomuua fulani anarahisisha mambo, na anayesema kwamba maneno tu hayaui naye anayarahisisha vilevile. Maneno huongezwa juu ya mzigo uliopo, na hakuna mtu mzima aliyeupima mzigo huo.

Mzigo wenyewe ni mkubwa nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya, uliotolewa mwaka 2022 na kuwahusu wenye umri wa miaka 10 hadi 17, ulibaini kwamba asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walikuwa na dalili za kutosha kuitwa ugonjwa. Wala si Kenya peke yake yenye vijana wanaoumizana. Machi 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 44, nyingi zikiwa za Ulaya, na ikaonekana kwamba karibu mtoto mmoja kati ya sita wa umri wa kwenda shule amewahi kuonewa mtandaoni. Tofauti ya wasichana na wavulana ilikuwa ndogo mno.

Mwanamume halii

Tofauti hiyo ndogo inafaa kutushtua, kwa maana huku kwetu tukisikia unyanyasaji wa mtandaoni tunamfikiria msichana. Mvulana wa Meru au Embu anapotahiriwa, mara nyingi mwezi wa Desemba, hukaa faraghani akifundishwa kuvumilia. Anatoka akiwa kijana kamili, anahamia chumba chake mwenyewe, na mama yake haingii tena humo ovyo. Mila hii imewapa wavulana wengi heshima na mwelekeo. Lakini imewaachia pia sheria isiyoandikwa, kwamba kulalamika ni kurudi utotoni.

Waonevu wanaijua sheria hiyo, na hapo ndipo wanapogonga. Mvulana anadhihakiwa kwenye grupu kwamba alilia mbele ya kisu, kwamba alipelekwa hospitali kwa woga, kwamba bado ni mtoto. Akijibu kwa hasira wanacheka zaidi; akishtaki, amethibitisha walichosema.

Upo pia mtego wa pesa. Akaunti yenye picha ya msichana mrembo inamtongoza kijana, inamwomba picha ya faragha, na akishaituma anaambiwa alipe kwa M-Pesa, la sivyo picha itafika kwa wazazi na wanafunzi wenzake. Kijana anauza kuku wa nyumbani, anadanganya kuhusu pesa za kitabu, analipa. Anayelipa mara moja hudaiwa tena. Hofu hii ni tofauti na aibu ya msichana wa mfano wetu, kwa sababu picha bado haijasambazwa na kila mlio wa simu unaweza kuwa ndio huo. Wavulana wengi huimeza hofu hiyo kwa kitu kilicho karibu, na huku vilivyo karibu vinajulikana: muguka wa Mbeere, miraa ya Igembe, pombe ya bei nafuu. Mzazi anaona utundu na kuupiga vita utundu.

Nani aliipandisha bei?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu anayeficha. Tuwatazame na waliomfanya afiche.

Wa kwanza ni mzazi. Binti akisema kuna picha yake inasambazwa, swali la kwanza huwa: ulikuwa unafanya nini huko? La pili huwa: nani alikupa ruhusa ya kutumia simu yangu? Kisha simu inafungiwa kabatini. Mzazi anaamini amemkinga mtoto. Mtoto amejifunza kwamba ukiumia na ukasema, unaadhibiwa, na unapoteza pia marafiki wawili watatu waliokuwa wakikufariji kwa ujumbe wa usiku. Hatasema tena, wala mdogo wake aliyekuwa akisikiliza mlangoni.

Shule inafuata. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ni huyo huyo anayefundisha masomo matatu na kukaa kwenye kamati ya nidhamu. Asubuhi anasikiliza siri, alasiri anatoa adhabu. Mwanafunzi anajua kwamba siri hiyo inaweza kufika chumba cha walimu kabla ya chai ya saa nne, na pengine gwarideni, ambako mkuu wa shule atakemea picha chafu bila kumtaja mtu huku shule nzima ikigeuka kumtazama mtu mmoja. Mara nyingine anayetumwa nyumbani akalete mzazi ni mwenye picha, na walioisambaza wanabaki darasani.

Kanisa lina nguvu huku kuliko ofisi nyingi za serikali, na vijana wengi wangependa kusema huko. Lakini wamesikia mahubiri ambamo msichana aliyepigwa picha anatajwa kama mfano wa dhambi. Anayehitaji kufarijiwa akiambiwa atubu kwanza, anaondoka na mzigo mzito kuliko alioingia nao.

Watu wazima tena ndio walimu wa matusi. Katika uchaguzi wa 2022 kaunti zote mbili zilichagua wanawake kuwa magavana kwa mara ya kwanza, Kawira Mwangaza huko Meru na Cecily Mbarire huko Embu, wawili kati ya magavana saba wanawake nchini. Vijana wa Meru walifuatilia kwenye simu vita vya kumng'oa Mwangaza, ambavyo havikuisha hadi Seneti ilipomwondoa Agosti 2024 na Mahakama Kuu kuukubali uamuzi huo Machi 2025. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu uongozi wake. Lakini pamoja na hoja za utawala, watoto walisikia wanaume wazima, wengine viongozi, wakimdhalilisha kwa uanamke wake na kushangiliwa. Walichojifunza ni kwamba mwanamke hujibiwa kwa kudhalilishwa, na kwamba anayedhalilisha hapotezi kitu.

Meru inayo kumbukumbu ya mahali ambako kupuuza kunaweza kufikia. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya upili ya St Kizito, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na zaidi ya 70 walibakwa. Baada ya msiba huo, mtu mzima mwenye dhamana shuleni alinukuliwa akisema wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana. Picha ya kwenye simu haiwezi kulinganishwa na unyama ule. Kauli ya kwamba ni mambo ya vijana tu, ambayo bado husikika katika ofisi za shule, inatoka katika mawazo hayo hayo.

Wa mwisho ni serikali. Desemba 2024 kijana wa miaka 24 alichukuliwa mjini Embu na watu wasiojulikana, baada ya kuhusishwa na picha ya kuhaririwa ya Rais William Ruto. Polisi walikana kuhusika, vijana wa Embu wakaandamana, naye akarudi nyumbani Januari 2025. Kabla ya kuchukuliwa kwake, wakati wa mtihani wa KCSE wa 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zifunge mtandao wa Telegram ili kuzuia wizi wa mtihani. Vijana wanaunganisha mambo. Picha ya mkubwa ikichezewa, mtu hupatikana. Karatasi ya mtihani ikivuja, mtandao mzima hufungwa. Mzazi wa Siakago akienda kituoni kulalamika kwamba picha ya bintiye imechezewa, ataulizwa kama ana uhakika anataka kulikuza jambo hilo.

Sheria ipo, mlango ndio haupo

Kisheria mtoto hajaachwa uchi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 27, inamwadhibu anayemnyanyasa mwenzake mtandaoni kwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kifungu cha 37 kinahusu kusambaza picha za faragha za mtu mwingine. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inatambua kwamba mtoto anaweza kudhulumiwa kupitia mitandao na simu.

Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini marekebisho ya sheria ya 2018, yaliyopanua kifungu cha 27 kikagusa pia mawasiliano yanayoweza kumsukuma mtu kujiua. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu hicho, baada ya walalamishi kudai kwamba maneno yake ni mapana mno na yanaweza kutumika kuwanyamazisha wakosoaji. Hofu yao ina msingi, kama vijana wa Embu wanavyojua. Mtoto anayeumizwa amekwama katikati: maneno yanayodaiwa kumlinda ndiyo hayo hayo mwanasiasa anaweza kuyatumia kujilinda.

Kuna hatua moja ya kisheria ambayo familia nyingi hazijaisikia, nayo ni kubwa. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa miongo mingi mzazi aliyempeleka hospitali mtoto aliyejaribu kujidhuru aliogopa kwamba polisi wangefuata, na familia zilificha. Uamuzi huo ungepaswa kutangazwa makanisani, kwenye mikutano ya machifu na kwenye redio za hapa, Muuga FM na Wimwaro FM. Mtoto aliyejaribu kujiua ni mgonjwa anayehitaji matibabu.

Anayeumiza naye ni mtoto

Hasira inaweza kutusukuma kutaka kila aliyesambaza picha afungwe. Wengi wao wana miaka 13 au 15. Sheria ya Watoto ya 2022 iliinua umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inatoa nafasi ya kuwarekebisha watoto wakosaji nje ya mkondo wa mahakama. Hiyo haimaanishi waachwe. Kijana aliyeunda picha ya uchi ya mwenzake aifute mbele ya mzazi na mwalimu, awataje aliowatumia, na aambiwe waziwazi alichokifanya. Kumchapa viboko mbele ya gwaride kunamfundisha kwamba mwenye nguvu hudhalilisha, jambo ambalo alikuwa analijua tayari.

Wenye nguvu zaidi ni wale waliotazama. Ufini imetumia tangu 2009 mpango wa shule uitwao KiVa, uliojengwa juu ya utafiti wa Christina Salmivalli, ambao unawalenga zaidi mashahidi kuliko mwonevu. Mwonevu anatafuta hadhira, na asiyechekewa hana anachopata. Katika grupu la watu 60, wawili wanatukana, hamsini na saba wanatazama au kuweka alama ya kicheko, na mmoja analia. Admini akiifuta picha dakika ya kwanza na msichana mmoja akimtumia mwenzake ujumbe wa faragha kumwambia kwamba yuko naye, machungu hayaishi, lakini upweke unavunjika. Na upweke ndio unaoua moyo.

Kuishusha bei

Mzazi akiambiwa, kazi yake ya kwanza ni kutokuuliza swali la kulaumu. Amsikilize mtoto hadi mwisho, amwambie si kosa lake kwamba mtu mwingine amechagua kumdhalilisha, hata kama picha aliituma mwenyewe. Simu isinyang'anywe, wakubaliane pamoja ni saa ngapi ilale sebuleni.

Ushahidi uhifadhiwe: picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, namba, tarehe na saa. Lakini picha ya uchi ya mtoto isitumwe kwa shangazi, kwa mwalimu wala kwa grupu la familia kuomba ushauri. Kuisambaza ni kosa, hata kwa nia njema. Ipo huduma ya bure ya kimataifa iitwayo Take It Down kwa walio chini ya miaka 18, inayoitengenezea picha alama ya kidijitali bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, ili mitandao iliyojiunga nayo iweze kuizuia. Anayetishwa na matapeli asilipe.

Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure, saa 24, kwa mtoto au mzazi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina ushauri wa bure kwa 1199, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo anaweza kwenda na familia polisi. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zina huduma za afya ya akili. Mtoto asiyelala, asiyekula, anayegawa vitu vyake vya thamani au kusema dunia ingekuwa bora bila yeye aulizwe waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa ruhusa ya kulitamka.

Wazee na wanaume wanaowalea wavulana baada ya kutahiriwa wanaweza kuongeza somo moja kwenye mafunzo yao: kwamba mwanamume anayetishwa na asiyemwona hupeleka habari kwa wakubwa wake, kama ambavyo askari wa zamani wa Wameru hakusubiri adui afike bomani ndipo apige kelele. Likisemwa na wao, mvulana atalisikia kuliko likisemwa na kipeperushi cha serikali.

Na shule zina nafasi ambayo haihitaji bajeti. Kila muhula hufanyika mikutano ya wazazi ya kujadili karo na matokeo ya mtihani. Dakika 10 za mkutano huo zitumike kwa agano la likizo, mtoto akiwa ameketi kando ya mzazi wake. Mwalimu aahidi kwamba siri haitafika gwarideni. Mtoto aahidi kwamba hatasambaza picha ya mwenzake. Mzazi aseme, kwa sauti ambayo mwanawe ataisikia, kwamba akiletewa habari mbaya kutoka mtandaoni hatapiga, hatafukuza na hatachukua simu. Mzazi asiyeweza kutoa ahadi hiyo asimshangae mwanawe akichagua kunyamaza.